Taiming ya cheche kwenye injini ya rota yenye turbo: busti ikipanda, digrii zinashuka

Sili ya ncha ya injini ya rota ya Mazda 13B-REW (rota ni kipande cha pembe tatu kinachozunguka mahali pa pistoni), ile iliyofungwa kwenye RX-7 ya FD, toleo la tatu la gari hilo, kuanzia 1991 hadi 2002, ina unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 80. Ziko sita, tatu kwa kila rota, na kila moja inateleza juu ya ukuta wa hausingi ikitenganisha chemba moja na jirani yake. Taiming, yaani wakati wa kupiga cheche, ikikosewa chini ya busti (shinikizo la hewa ambalo turbo inaongeza), hizo ndizo za kwanza kuvunjika. Wala hazingoji mwezi. Dereva anakanyaga mafuta mara moja tu kwenye gia ya tatu, busti inafika bar 1, na hapohapo rota moja inapoteza kompresheni. Gari linarudi gereji likitetemeka, na likishapata moto linagoma kuwaka.

Fundi aliyelelewa na injini za pistoni huja na mazoea yake: tanguliza cheche hadi nguvu iache kupanda, kisha rudisha digrii mbili. Kwenye injini ya pistoni yenye turbo mazoea hayo yana kinga. Injini ikianza kunoki (mchanganyiko ukilipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio), sensa inasikia, kompyuta inarudisha taiming, na pistoni huvumilia makofi kadhaa kabla ya kuumia. Kwenye rota kinga hiyo ni nyembamba mno. Sensa ya noki ipo kwenye FD, lakini inasikiliza katikati ya kelele za sili zenyewe zikikwaruza hausingi, na ikishasikia kofi la kweli, mara nyingi kilichovunjika kimeshavunjika.

Kwa hiyo jedwali la taiming (digrii za cheche zilizoandikwa ndani ya kompyuta) chini ya busti linatakiwa lisomwe kama kipimo cha usalama kwanza, na chanzo cha nguvu baadaye sana. Sababu iko kwenye umbo la injini yenyewe.

Digrii 15 ambazo kwa pistoni ni 10

Taiming ya rota hupimwa kwa digrii za shafti ya katikati, si za rota. Rota ikizunguka mara moja, shafti imezunguka mara tatu. Pistoni hutoka juu hadi chini kwa digrii 180 za kranki; chemba ya rota huchukua digrii 270 za shafti kufanya kazi ileile ya kutanuka. Ukitaka kulinganisha digrii za rota na za pistoni, zizidishe kwa theluthi mbili. Cheche inayopigwa digrii 15 kabla ya kilele (yaani kabla ya pale ujazo wa chemba unapokuwa mdogo kabisa) iko karibu na kilele kama cheche ya digrii 10 kwenye pistoni.

Tuweke namba. Kila chemba ya 13B ina ujazo wa kufagia wa sentimita 654 za ujazo, na 13B-REW ina uwiano wa kompresheni wa 9.0 kwa 1. Kwenye kilele, basi, chemba ina takriban sentimita 82 za ujazo. Shafti ikiwa digrii 15 kabla au baada ya kilele, ujazo umeongezeka sentimita 5 tu. Kwenye digrii 30 nyongeza ni kama 20, na kwenye digrii 45 ni kama 44. Pistoni yenye ujazo huohuo ingekuwa imeshafungua sentimita 11 au zaidi kwenye digrii 15.

Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye rota unakaa umebanwa kwa muda mrefu. Kutoka digrii 15 kabla ya kilele hadi digrii 45 baada yake ni digrii 60 za shafti. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika huo ni muda wa milisekunde 1.4. Kwa mizunguko 4,000 ni milisekunde 2.5. Noki huhitaji vitu vitatu: joto, shinikizo na muda. Rota inatoa muda bila kuombwa, na inatoa mwingi zaidi pale kati ya 3,500 na 5,000, ambako turbo imeshajaa na mizunguko bado ni midogo. Eneo hilo la jedwali ndilo linaloua injini nyingi. Watu huogopa mizunguko ya juu kwa sababu ya kelele, kumbe huko kuna nafuu.

Plagi mbili zisizolingana

Chemba ya rota ni ndefu, nyembamba, na inatembea. Moto wa plagi moja hauwezi kuifagia yote kwa wakati, ndiyo maana kila rota ina plagi mbili. Ya chini imeandikwa L: ni plagi ya kutangulia, iko upande ambao rota inaelekea. Ya juu ni T, plagi ya kufuata. Kwenye FD na kwenye FC ya turbo, RX-7 iliyotangulia, plagi ya L ndiyo huanza, T inafuata baada ya digrii kadhaa. Tofauti hiyo tuiite mwachano.

L ndiyo inayobeba kazi kubwa. Rota inapopita kileleni, gesi husukumwa kutoka upande wa nyuma wa chemba kwenda mbele, kupitia bonde lililochongwa usoni mwa rota. Moto wa L unasafiri na mkondo huo bila shida. Kurudi nyuma kuelekea kona ya T ni kama kuogelea dhidi ya maji, na mara nyingi haufiki. Kazi ya T ni kuchoma kilichobaki huko nyuma. Ukichomoa nyaya za T injini itaendelea kuvuta, nguvu itapungua kidogo tu, ila mafuta mengi zaidi yataungulia kwenye eksozi na joto lake litapanda.

Hata matundu yake yanatofautiana. Tundu la T ni dogo kwa sababu sili inapolipita, shinikizo la chemba moja na la jirani yake vinatofautiana sana, na tundu kubwa lingevujisha. Cheche ya T basi inatokea ndani ya kishimo kidogo, nayo inapata taabu zaidi kuwasha.

Sasa fikiria kona ile ya nyuma chini ya busti. Gesi iliyobaki huko inabanwa mara mbili: na umbo la chemba, na shinikizo la moto wa L unaotanuka upande wa pili. Hapo ndipo noki huzaliwa. T ikipigwa mapema mno, inaongeza moto wa pili kwenye eneo lililokwisha kubanwa, mioto miwili inakimbiliana, na shinikizo linaruka kwa kishindo. Wimbi hilo linaikandamiza sili ndani ya mfereji wake na kuipinda. Chuma cha sili ni kigumu lakini hakipendi kupindwa. Kipande kinakatika, mara nyingi pembeni, kinachora hausingi, kisha kinatoka na eksozi na kula mapanga ya turbo. Kosa moja, bili tatu.

Mwachano wa sifuri, yaani L na T kwa pamoja, huweza kuonyesha nguvu kidogo zaidi kwenye dayno (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Nguvu hiyo inalipwa kwa usalama wote uliokuwepo. Mwachano hasi, yaani T kabla ya L, una matumizi yake kwenye mwendo wa taratibu bila busti. Kwenye safu za busti usionekane kabisa.

Kwa nini busti inadai digrii zipungue

Turbo ikijaza chemba hewa mara mbili ya kawaida, mchanganyiko unakuwa mzito na wa moto zaidi, na moto unasambaa haraka. Kazi iliyohitaji digrii 25 za kutangulia bila busti sasa inamalizika mapema. Ukiacha digrii zilezile, shinikizo la juu kabisa linatua karibu mno na kilele, wakati shafti haina hata mkono wa kusukumwa. Nguvu inaishia kubonyeza beringi na sili. Digrii zinapunguzwa kwanza kwa sababu hazihitajiki, pili kwa sababu ni za hatari. Bahati nzuri sababu zote mbili zinavuta upande mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo grafu ya dayno hulionyesha wazi, na ambalo fundi wa pistoni huchelewa kuliamini: kilima cha nguvu ya rota dhidi ya taiming ni tambarare. Kutoa digrii 2 au 3 kwenye busti hupunguza nguvu kidogo kiasi kwamba joto la hewa la siku hiyo linaweza kuleta tofauti kubwa zaidi. Ukizirudisha, faida ni hiyohiyo ndogo, lakini ukingo wa korongo umesogea. Anayetaka nguvu zaidi aongeze hewa baridi na mafuta bora.

Kuchelewesha nako kuna mwisho. Cheche ikipigwa kwa kuchelewa sana, mchanganyiko unaungua bado wakati tundu la eksozi linafunguka. Turbo itaamka haraka, lakini eksozi itawaka nyekundu, na mapanga ya turbo yatakuwa yanaoga moto. Geji ya joto la eksozi ikivuka 950°C na kubaki huko, taiming imecheleweshwa mno au mwachano ni mpana mno. Au mafuta ni haba, na hilo ndilo la kuhakiki kwanza.

Namba za kuanzia

Hizi zinafaa 13B ya turbo yenye uwiano wa 9.0, intakula nzuri (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), na petroli ya oktani (uwezo wa kuhimili noki) 98 hadi 100 kwa kipimo cha RON. Ni namba za kuanzia upimaji kwenye eneo la mizunguko 4,000 hadi 5,000.

Bila busti: L digrii 24 au 25, mwachano 10.
Busti bar 0.5: L 18, mwachano 12.
Busti bar 0.7: L 15, mwachano 12 au 13.
Busti bar 1.0: L 12, mwachano 13 hadi 15.
Busti bar 1.2: L 10, mwachano 15.

Utaona mwendo wake: takriban digrii moja inatoka kwa kila bar 0.08 ya busti, na mwachano unapanuka taratibu. Kutoka mizunguko 5,000 kwenda 7,000 unaweza kurudisha digrii 2 hadi 4 kwenye L, kwa sababu ya ule muda unaopungua. Juu ya bar 1.2, petroli ya pampu peke yake inaanza kuwa kamari. Hapo watu huongeza mfumo wa kupulizia maji na methanoli, au wanahamia mafuta yenye ethanoli nyingi.

Kuna mitego mitatu kwenye kunakili namba za wengine. Wa kwanza ni oktani. Pampu za Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 93 ya kule ni sawa na takriban 98 ya RON, na mtu anayeona "inafanya kazi kwa 93" kisha akaweka RON 93 amejidanganya kwa ngazi nzima. Wa pili ni vipimo vya busti: psi 14.5 ni bar 1.0, nayo ni takriban kPa 200 kwa kompyuta inayosoma shinikizo kamili kutoka usawa wa bahari.

Mtego wa tatu ni mbaya zaidi. Kompyuta nyingine huweka kwenye jedwali la T digrii halisi za cheche ya T. Nyingine huweka mwachano. Tuseme unataka L 12 na mwachano 12. Kwenye jedwali la digrii halisi, T inaandikwa 0. Kwenye jedwali la mwachano inaandikwa 12. Ukiandika 0 kwenye jedwali la mwachano, umepata mwachano wa sifuri. Ukiandika 12 kwenye jedwali la digrii halisi, T inapiga kwenye 12 pamoja na L, mwachano wa sifuri tena. Makosa mawili tofauti, shimo moja. Lihakiki kwa macho, usilisome tu kwenye kitabu cha maelekezo.

Taa ya taiming kabla ya dayno

Jedwali zuri halina maana kama kompyuta haijui kilele kiko wapi. Puli ya mbele ina alama mbili: ya njano ni ya L, digrii 5 baada ya kilele, nyekundu ni ya T, digrii 20 baada ya kilele. Ndiyo taiming ya kiwandani ya injini ikiwa tuli, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, na kwa hiyo ndiyo rahisi kuitumia. Ifunge kompyuta kwenye taiming isiyobadilika, L hasi 5 na T hasi 20, kisha bana taa kwenye waya wa L1, wa rota ya mbele. Alama ya njano ikae sawa na pini. Hamishia taa T1, nyekundu ikae sawa na pini. Ikiwa L iko sawa na T haiko sawa, rudi kwenye mtego wa tatu hapo juu.

Taa yenye kitufe cha kurudisha digrii itakudanganya hapa. Kwenye mfumo wa kiwandani, koili ya L ni moja na hupiga plagi zote mbili za L kwa pamoja, kwa hiyo kila waya unapata cheche mbili kwa mzunguko mmoja wa shafti. Taa inayohesabu mizunguko kutokana na cheche inapata mara mbili ya ukweli na kukokotoa digrii za uongo. Weka kitufe kwenye sifuri au tumia taa ya kawaida isiyo na mbwembwe. Utaiona alama pia upande wa pili wa puli. Hiyo ni cheche ya ziada, iache.

Baada ya hapo panda hadi mizunguko 4,000 kwa sekunde chache, taiming ikiwa bado imefungwa. Usikawie, maana kwa taiming hiyo eksozi inapata moto haraka. Alama ya njano isitembee. Ikihama kadiri mizunguko inavyopanda, ama nyaya mbili za sensa ya puli zimegeuzwa, ama kompyuta haijaambiwa ucheleweshaji wa mfumo. Kwa mizunguko 4,000 digrii moja ni mikrosekunde 42 tu, na hitilafu ya mikrosekunde 200 ambayo huioni injini ikiwa tuli inageuka karibu digrii 5 huko juu. Kwenye FC kuna la ziada: sensa yake inaendeshwa na gia, na ikirudishwa ikiwa imeruka jino moja, kila namba kwenye jedwali ni ya uongo.

Kagua nyaya zenyewe pia. L iko chini, T iko juu. Zikibadilishana, injini bado inawaka, ila sasa plagi ya juu ndiyo inayotangulia. Huo ni mwachano hasi wa digrii 12 au 15 ukiwa kwenye busti kamili, na kompyuta inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Vinavyoivuruga taiming bila kuigusa

Mafuta ya petroli kwanza. Chini ya busti, uwiano wa hewa na mafuta uwe 11.0 kwa 1 au chini kidogo. Lakini soma geji inayopima uwiano huo kwenye eksozi kwa akili. Cheche ikikosa kuwasha, hewa isiyoungua inafika kwenye sensa na geji inasema mafuta ni haba. Fundi anaongeza mafuta, cheche inazidi kuzimwa, geji inasema haba zaidi. Kama "uhaba" unatokea ghafla juu ya 6,500 na gari linakwamakwama, tazama koili na plagi kwanza. Koili ya L ya kiwandani hupiga kila nusu mzunguko. Kwa 7,000 inapata milisekunde 4.3 tu kujichaji, na busti kubwa inadai volti zaidi. Koili nne zinazojitegemea zinamaliza tatizo hilo.

Plagi za kiwandani za FD ni NGK BUR7EQ kwa L na BUR9EQ kwa T. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Busti ikivuka kiwango cha kiwandani, weka 9 pande zote, maana plagi yenye ncha inayong'aa kwa joto huwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na hapo hakuna jedwali litakalokuokoa. Gharama yake ni plagi kuchafuka haraka kwa anayetambaa kwenye foleni za mjini kila siku.

Oili ya injini inayopulizwa kwenye chemba kulainisha sili inapunguza oktani ya mchanganyiko na kuacha masizi, na masizi yakikomaa yanakuwa makaa. Wengi huchanganya oili ya injini za pikipiki za mipigo miwili kwenye tangi: mililita 4 kwa lita moja ya petroli ikiwa pampu ya oili ya kiwandani bado inafanya kazi, kama 8 ikiwa imetolewa.

Hewa inayoingia ikivuka 45°C, iambie kompyuta itoe digrii 1 kwa kila 5°C za ziada. Intakula ndogo ya kiwandani ya FD itakufundisha umuhimu wa safu hiyo baada ya mivuto miwili mfululizo.

Na jaza jedwali hadi juu ya busti unayokusudia. FD iliyofungwa eksozi pana ina tabia ya busti kupanda yenyewe, kwa kuwa mlango wa kupunguzia gesi ya turbo ni mdogo. Umelenga bar 0.8, mizunguko ikifika juu inakwenda 1.0. Safu za bar 0.3 juu ya lengo zisibaki na namba zilizonakiliwa kutoka safu ya chini. Zipunguze digrii, ziongezee mafuta, na juu yake weka kikomo cha kukata.

Tofauti ya mwinuko hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Nairobi shinikizo la hewa ni takriban kPa 83. Mombasa ni 101. Springi ya turbo, ile ya mlango wa kupunguzia gesi, inapima busti dhidi ya hewa ya nje, kwa hiyo bar 1.0 ya geji ni kPa 183 Nairobi na 201 Mombasa. Gari lililopimwa Nairobi na kuonekana salama kabisa likiteremka pwani linaingia kwenye safu ambazo hazijawahi kuguswa kwenye dayno, tena kwa hewa yenye joto zaidi. Safu ya kPa 200 inatakiwa iwe na kama digrii 2 pungufu ya ile ya 180, hata kama siku ya kupima sindano haikuifikia.

Kwenye dayno, na baada yake

Anza na springi pekee, busti ndogo kabisa ambayo turbo inaweza kutoa. Panga mafuta kwanza; taiming isiguswe hadi geji ya uwiano wa hewa na mafuta itulie kwenye 11. Panda kwa bar 0.1 kila hatua. Ukifika busti uliyokusudia, ongeza digrii 1 kwenye L huku mwachano ukibaki vilevile. Torki isipopanda kwa kiasi kinachoonekana, irudishe digrii hiyo. Usiitafute ya pili. Zima injini ikiwa bado imebeba mzigo, vuta plagi, tazama kaure nyeupe: vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga vinasema noki imeshabisha hodi.

Ukishuku sili imeumia, geji ya kompresheni ya pistoni itakuficha ukweli, kwa sababu inashika kilele cha juu kati ya nyuso tatu za rota na kukuonyesha hicho tu. Toa vali ndogo iliyo kwenye geji ili sindano iruke huru. Injini iwe ya moto, mafuta na cheche vimekatwa, kanyagio limeshikwa chini, starta izungushe kama mizunguko 250 kwa dakika. Sindano iruke mara tatu zinazolingana, puf-puf-puf. Tofauti kati ya uso na uso isizidi kilo 1.5 kwa sentimita ya mraba. Mruko mmoja ukiwa mdogo, sili ya pembeni au springi yake imechoka. Ukisikia puf moja nzima na mbili dhaifu zinazofuatana, sili ya ncha iliyo kati ya nyuso hizo mbili ndiyo iliyokwenda, kwani kila sili ya ncha inazihudumia chemba mbili. Sili za chuma laini zinazouzwa kama "zisizovunjika" hupinda badala ya kukatika. Huenda zikaiokoa turbo, lakini sili iliyopinda inavuja kama iliyokatika, na hausingi inafunguliwa vilevile.